Kifaa cha gesi kiko kimya: je, mama anaweza kulala na jiko la mkaa ndani?

Swali hili lilitufikia kwa ujumbe wa simu, na tumeamua kulijibu kwa maandishi kwa sababu dakika chache za hewani hazikutosha. Msikilizaji wetu anafanya kazi Dar es Salaam. Mama yake yuko kijijini, upande wa Kabuku, wilayani Handeni. Alimnunulia mama mtungi mdogo wa gesi, na kwa kuwa mama aliuogopa mtungi, akamnunulia pia kifaa cheupe cha kufunga ukutani ambacho muuzaji alimwambia "kinanusa gesi na kupiga kelele". Kikapandishwa basi, kikashushwa Kabuku, fundi akakifunga. Tangu siku hiyo kiko kimya, taa ya kijani inawaka, na mama ameridhika. Gesi ni ya chai ya asubuhi. Maharage na ugali bado ni vya mkaa, na siku za mvua jiko huingia ndani, mpaka chumba anacholala na wajukuu wawili. Msikilizaji anauliza: kifaa kikiwa kimya, si ina maana hewa ya chumbani ni salama?

Hapana. Tunalitoa jibu mapema ili hata anayesoma kwa bando linaloelekea kuisha asilikose. Kwa jinsi alivyotueleza, kifaa kile ni cha gesi ya mtungi. Gesi inayotoka kwenye jiko la mkaa ni nyingine kabisa, na kifaa kile hakikutengenezwa kwa ajili yake. Kinaweza kukaa kimya na taa yake ya kijani huku watu waliolala chini yake wanapoteza fahamu.

Sasa tueleze kwa nini.

Mkaa uliokolea

Wengi wetu tunaogopa moshi. Ndiyo maana jiko huwashwa nje na kupepewa mpaka moshi uishe, na mkaa ukishakuwa mwekundu wote ndipo linaingizwa ndani. Anayefanya hivyo anaamini sumu ameiacha uani. Alichokiacha uani ni kile kinachoonekana tu.

Mkaa ni kaboni kwa sehemu kubwa. Ukiungua penye hewa ya kutosha, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni na kuwa hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani. Lakini katikati ya jiko, chini ya makaa mekundu, hewa haitoshi. Huko kaboni hupata oksijeni moja badala ya mbili, na kinachotoka kinaitwa kaboni monoksidi. Majina yanafanana ila tabia ni mbali. Umewahi kuona vimiali vya bluu vikicheza juu ya mkaa uliokolea? Hiyo ndiyo kaboni monoksidi ikiungua. Inayokutana na moto na hewa inaishia hapo. Inayobaki inasambaa chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Jiko linaloonekana safi kabisa, lisilo na moshi hata kidogo, linaweza kuitoa kwa wingi usiku kucha.

Inafanya nini mwilini? Ndani ya damu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Ni kama abiria aliyepanda basi akagoma kushuka. Kila kituo basi linafika limejaa, na wenye safari wanaachwa barabarani. Mtu anapumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo haupati oksijeni.

Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini maji yatainyonya sumu. Kaboni monoksidi karibu haiyeyuki kwenye maji. Beseni halisaidii chochote.

Zamani nyumba yenyewe ilisaidia. Nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti au nyasi ilikuwa inapumua: hewa iliingia juu ya ukuta na kutoka kwenye paa, na moshi wa jikoni ulionekana asubuhi ukifuka kwenye nyasi. Leo, ukipita kuanzia Mkata hadi Mombo, unaona matofali, mabati, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Ni maendeleo, na hatumwambii mtu arudi kwenye makuti. Ila chumba cha namna hiyo kikifungwa kwa ajili ya mbu na wezi, kimefungwa kweli. Tabia ya kuingiza jiko ndani tumerithi kutoka nyumba ya aina moja, tukahamia nayo kwenye nyumba ya aina nyingine.

Na sababu za kuliingiza zipo. Mvua za masika. Kipupwe cha Juni na Julai, hasa kwa wanaokaa karibu na milima ya Usambara. Jiko likiachwa nje litaibiwa. Na kuna desturi ya kumwekea moto mzazi, mama aliyetoka kujifungua, ili yeye na mtoto wapate joto. Hii ya mwisho inatutia hofu kuliko zote, kwa sababu mzazi na mtoto wake mchanga hukaa ndani mchana na usiku.

Mkaa kwetu si kitu cha kuhadithiwa. Handeni inauchoma na kuuza, na magunia yake kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera kila msafiri anayajua. Anayeuchoma, anayeusafirisha na anayeupikia wote wanaishi na gesi hii, kila mmoja kwa kiasi chake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, inaua watu karibu milioni 3 duniani kila mwaka. Wengi hawafi kwa usiku mmoja. Ni mapafu, moyo na kiharusi, baada ya miaka. Hapa kwetu Tanzania watafiti waliwahi kuwavalisha wajawazito wa Dar es Salaam vipimo vidogo vya kaboni monoksidi na vumbi laini la moshi kwa saa 72, wakipika na kufanya kazi zao kama siku zote. Wengi wao walikuwa wanapikia mkaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliovuta kaboni monoksidi nyingi zaidi walielekea zaidi kuwa na dalili za damu kuganda kwenye kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Hao hawakuwa wamezimia. Walikuwa wanapika tu.

Pua ni kipimo cha kwanza, ila ina mipaka yake

Turudi kwenye kifaa cha mama. Ndani ya kila kifaa cha namna hii kuna kipande kidogo, pengine kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti, ambacho ndicho kinachofanya kazi ya kunusa. Tutakiita kihisi. (Wengine wanasema sensa, lakini sensa kwetu ni kuhesabiwa watu, tusichanganyane.) Mengine yote, yaani ganda, taa na king'ora, ni ya kupeleka habari tu. Ukitaka kujua kifaa kinaweza nini, uliza kihisi chake ni cha aina gani.

Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ule uvundo kama wa kabichi iliyooza umetiwa makusudi: huchanganywa na kemikali iitwayo mekaptani, ambayo pua ya binadamu huikamata hata ikiwa kidogo mno. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule moja ya New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya jengo bila mtu kujua. Ililipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria ikataka gesi itiwe harufu.

Kwa hiyo kwa mtungi, pua ni kipimo cha bure, na kizuri. Lakini pua hulala mwenyewe akilala. Pua ikiwa na mafua haifanyi kazi. Na ukikaa na harufu muda mrefu, pua huizoea na kuacha kuisema.

Wajapani walikutana na tatizo hili mapema. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia zao zilihamia kwenye gesi ya mitungi kwa kasi, kama tunavyoona hapa kwetu sasa, na milipuko ya majumbani ikawa jambo la kusikika. Mjapani mmoja, Naoyoshi Taguchi, akaja na kihisi alichokiombea hataza mwaka 1962, na kufikia 1968 vilikuwa vinatengenezwa kwa wingi. Kifaa cha mama wa Kabuku, kwa namna tulivyoelezwa, ni mjukuu wa kile cha Taguchi.

Kinafanya kazi hivi. Kuna punje za oksidi ya bati (madini ya bati, si mabati ya paa) zinazopashwa moto na waya mdogo mpaka kufikia nyuzi joto 200 hadi 400. Zikiwa na joto hilo, oksijeni ya hewani huzigandia na kuzinyang'anya elektroni, zile chembe zinazobeba umeme. Umeme unapita kwa shida. Ikija gesi ya kuungua, inakutana na oksijeni ile na kuiondoa. Elektroni zinarudi, njia inafunguka, umeme unapita kwa urahisi, na saketi inajua kuna jambo. King'ora kinalia.

Ni ufundi mzuri na wa bei nafuu, na umeokoa wengi. Udhaifu wake ni kwamba kihisi hiki hakichagui sana. Dawa ya mbu ya kupuliza, marashi, pombe, hata mvuke mwingi wa sufuria vinaweza kukishtua. Watengenezaji hukipanga kilie kabla gesi haijafika kiasi cha kuleta mlipuko, na kiasi hicho ni kikubwa kuliko kiasi cha kaboni monoksidi kinachotosha kumuua mtu. Kingine ni umeme. Ule waya wa kupasha moto unakula umeme muda wote, ndiyo maana vifaa vingi vya aina hii huchomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kihisi kinapoa na hakinusi kitu. Ukirudi, kinahitaji dakika kadhaa kupata joto kabla hakijaaminika.

Kihisi cha kaboni monoksidi

Kabla ya vihisi, wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka mgodini na ndege. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi John Scott Haldane alishauri watumie viumbe wadogo, ambao hupumua haraka na kwa hiyo hudhurika mapema kuliko mtu. Wakatumia kanari, ndege wadogo wa njano. Kanari akiyumba kwenye kijiti chake, watu wanatoka mbio. Ndege hao walikuwa kazini mpaka miaka ya 1980, ndipo ikatangazwa kwamba mashine zingechukua nafasi yao.

Mashine iliyochukua nafasi hiyo, na ambayo leo inaingia kwenye kifaa cha kushika mkononi, ni kama betri ndogo inayokula sumu. Ndani kuna asidi kidogo na vipande viwili vyembamba vilivyopakwa madini kama platinamu. Hewa inapenya kwenye kitundu. Kaboni monoksidi ikigusa kipande cha kwanza, inaunguzwa pale pale bila moto, inageuka hewa ya ukaa na kuachia elektroni mbili. Elektroni zinasafiri kwenye waya kwenda kipande cha pili, ambako oksijeni inazipokea. Safari hiyo ni umeme, mdogo sana lakini unapimika, na uzuri wake ni kwamba gesi ikizidi mara mbili, umeme nao unazidi mara mbili. Ndiyo maana baadhi ya vifaa hivi vinaweza kuonyesha namba kwenye kioo badala ya kulia tu.

Kihisi cha namna hii hakihitaji kupashwa moto. Betri mbili ndogo zinaweza kukiendesha kwa miaka. Kwa nyumba isiyofikiwa na umeme, au yenye umeme wa kwenda na kurudi, hiyo ni tofauti kubwa.

Namba yake husomwa kwa sehemu katika milioni. Inasikika kama hesabu ya chuo kikuu, lakini mkulima wa mahindi anaielewa kuliko yeyote. Magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 yana punje zinazokaribia milioni moja. Chukua punje 50 nyeusi, ambazo zinaenea kiganjani, uzichanganye na magunia yale matatu. Hewa yenye kaboni monoksidi ya namna hiyo ni sehemu 50 katika milioni, na kifaa kilichotengenezwa kwa viwango vya Ulaya kinatakiwa kiwe kimelia kati ya dakika 60 na 90 baada ya kukutana nayo. Zikiwa 100, kilie kati ya dakika 10 na 40. Zikifika 300, kisizidi dakika 3.

Huu si uzembe wa king'ora. Sumu hii huingia kwenye damu polepole, na kinachopimwa ni wingi wake pamoja na muda. Penye sehemu 400 katika milioni kichwa huanza kuuma ndani ya saa moja au mbili. Penye 1,600 kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu huja ndani ya dakika 20, na baada ya saa mbili hivi mtu anaweza kuwa amekufa. Chumba kidogo kilichofungwa, chenye jiko la mkaa lililokolea, kinaweza kufika huko.

Si jiko peke yake. Jenereta ndani ya kibanda cha video, pikipiki iliyoachwa ikinguruma sebuleni, pampu ya petroli iliyoshushwa kisimani au kwenye shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu: zote zinatoa gesi hiyo hiyo, na injini ya petroli huitoa haraka kuliko jiko.

Kipimo cha kidoleni kinaweza kudanganya

Hapa tunaomba utulivu wako, kwa sababu ni sehemu ambayo watu wengi hawajaisikia.

Tunaishi ukanda wa malaria. Mtu akiamka kichwa kinamgonga, anataka kutapika na mwili hauna nguvu, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Anakwenda zahanati, kipimo cha haraka kinaonyesha hana. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani, na jioni jiko linaingia chumbani tena. Kaboni monoksidi haileti homa. Ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wameamka na kichwa asubuhi ile ile, mwili hauna joto, na wakifika shambani wanapata nafuu, usifikirie mbu peke yake.

Jambo la pili ni kile kibanio wanachokubana kidoleni kupima oksijeni. Nacho ni kihisi, ila kinatumia mwanga. Kinapitisha mwanga mwekundu kwenye kidole na kuangalia rangi ya damu. Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi nayo ni nyekundu ya kung'aa. Kibanio cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu ambaye ubongo wake unakosa oksijeni. Si kosa la muuguzi wala si ubovu wa kifaa. Kilitengenezwa kujibu swali lingine. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa, sentensi ya kwanza kwa mhudumu iwe: "Walilala na jiko la mkaa ndani." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha matibabu yote.

Dawa yenyewe ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwenye damu baada ya saa nne hadi tano. Akiwekewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Zahanati isiyo na oksijeni itamkimbiza kwenye kituo au hospitali yenye nayo, na dakika za njiani ni za thamani.

Ukiwakuta watu wamelala, hawaamki, na jiko liko ndani, usikae mle ukiwaita majina. Fungua mlango na madirisha, watoe nje kwenye hewa, mmoja baada ya mwingine, na ita msaada. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Maziwa yasitumike. Sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na aliyezimia akinyweshwa kitu atapaliwa.

Ukitaka kununua

Dukani utakuta vifaa vitatu vinavyofanana kama mapacha, vyote vyeupe, vya duara au mraba: cha moshi wa moto, cha gesi ya mtungi, na cha kaboni monoksidi. Usinunue kwa sura wala kwa neno la muuzaji kwamba "kinanusa gesi". Muulize gesi gani. Cha kaboni monoksidi huwa kimeandikwa herufi CO, na kilichopimwa kwa kiwango kinachojulikana kitakuwa na maandishi EN 50291 cha Ulaya au UL 2034 cha Marekani. Maandishi peke yake si kinga ya vitu bandia, kwa maana vipo vya bei rahisi vilivyojaribiwa huko Ulaya na kukutwa havilii hata penye sumu ya kutosha. Lakini kisichoandikwa chochote kiache dukani.

Geuza nyuma uangalie tarehe. Kihisi cha kaboni monoksidi huzeeka hata kisipotumika. Vingi huishi miaka 5 hadi 10, na joto kali hukizeesha mapema. Kile kitufe cha kujaribu hupima betri na king'ora, hakipimi kihisi. Kifaa kilichokufa pua kinaweza bado kupiga kelele vizuri sana ukikibonyeza.

Kuhusu mahali pa kukifunga, fuata tabia ya gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama maji, kwa hiyo kifaa chake hukaa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Kaboni monoksidi uzito wake unakaribiana na wa hewa na huchanganyika chumba kizima, kwa hiyo kifaa chake hukaa usawa wa pua ya mtu aliyelala, si nyuma ya pazia wala juu ya jiko. Wenye gesi ya samadi wajue kwamba hiyo ni nyepesi, hupanda darini.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi itaongezeka vijijini, na vifaa vya ukutani vitafuata. Lakini kama tulivyoona kwa mama huyu, mtungi haufukuzi jiko siku moja. Kwa miaka mingi vitakaa pamoja nyumba moja, na kila kimoja na hatari yake.

Kwa hiyo kwa msikilizaji wetu: fedha yako ya kwanza isiende kwenye kifaa kingine. Mpigie mama leo, umweleze kwamba jiko la mkaa lisilale ndani, hata likiwa limefunikwa majivu, kwa sababu mkaa uliofunikwa hupata hewa kidogo zaidi na huendelea kutoa ile gesi. Kama tatizo ni wizi, banda dogo la mabati lenye kufuli uani, lililo wazi upande wa juu, linatosha. Kama tatizo ni baridi, nunua blanketi la pili. Baada ya hapo, ukiwa na uwezo, kifaa cha kaboni monoksidi cha betri kinafaa sana, hasa kwa vile jiko la mwaka wa mvua nyingi lina njia zake za kurudi ndani. Kikilia, mama atoke na wajukuu kwanza, maswali baadaye.

Na kile alichonacho asikitupe. Kishushwe kutoka ukutani juu kilipofungwa, kifungwe chini karibu na mtungi, ambako ndiko kazi yake iliko. Siku kikilia, asiguse swichi yoyote, asiwashe kiberiti wala taa. Afunge mtungi kama anaufikia, afungue milango, atoke, na simu aipigie nje.